Nyumba Isiyo na Bunduki

Verlean Stubblefield alikuwa hawezi kusema uongo. Sisemi hakupenda. Hakuweza, kama wengine wasivyoweza kupiga mluzi. Ukimuuliza kama kofia yako mpya imekupendeza, ujue umejitakia. Mke wa mchungaji aliwahi kumuuliza mbele ya kwaya nzima, na tangu Jumapili ile kofia yenyewe hatukuiona tena.

Mimi naitwa Cleotis Barfield. Nilikaa mkabala na Verlean, ng'ambo ya barabara ya changarawe, miaka thelathini na moja. Nimeendesha matrekta kwenye mashamba ya pamba ya watu wengine mpaka mgongo ukagoma. Yeye alikuwa mpishi wa shule ya kaunti, na nusu ya watu wazima wa hapa wamekuzwa kwa mkate wake wa mahindi. Mke wangu alifariki, mumewe Hosea naye akafariki, na muda ulipopita hata wambeya wakachoka kutusema, nikamwambia Verlean tuoane.

"Ozell akirudi, Cleotis," akanijibu. "Siwezi kula chakula cha harusi huku mwanangu anakula cha jela."

Nikamuuliza tena baada ya miaka minne. Jibu lile lile. Mara ya tatu hata hakujibu. Alinitazama tu, nikavaa kofia yangu nikavuka barabara.

Ozell ndiye mwanawe wa pekee. Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipoingia kwenye kituo cha mafuta na rafiki yake, wakamwonyesha muuzaji bastola isiyo na risasi hata moja, wakachukua noti chache na katoni ya sigara. Hakuna aliyeguswa hata ukucha. Kesho yake sherifu alikuja kwa Verlean, kofia mkononi, sauti ya upole kama shemasi. "Bi Verlean, tuambie tu alipo. Akijitokeza mapema atasaidiwa." Verlean akamwambia alipo, kwa shangazi yake, chumba cha nyuma. Akaona ukweli utamsaidia mtoto. Kijana alikuwa na makosa mawili ya zamani, ya kitoto, jaji akayajumlisha yote, akampa miaka arobaini na mitano. Bila parole, yaani bila nafasi ya kuachiwa mapema kwa masharti.

Bila parole! Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya Verlean mahakamani, nikaona mabega yake yakishuka. Hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kumpa mwanawe soksi.

Miaka ikaenda. Kila mwezi alisafiri saa tatu kwenda gerezani na saa tatu kurudi. Halafu figo zikaanza kumsumbua, ikawa siku tatu kila wiki lazima akasafishwe damu mjini. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kwa gari langu. Huko njiani ndiko tulikokuwa tunagombana vizuri, kuhusu mchungaji, kuhusu mvua, kuhusu jinsi ninavyoendesha. Niseme wazi, ndizo zilizokuwa saa zangu bora za wiki.

Ndipo ukaja ule mswada. Bunge la jimbo lilikuwa linajadili kubadilisha sheria za magereza na parole, maana magereza yalikuwa yamefurika na hela za kuyaendesha zimewaishia. Kulikuwa na kipengele kimoja kilichotuhusu: mtu aliyefungwa kwa wizi wa kutumia silaha ambao haukumuumiza yeyote, akishatumikia miaka ishirini na mitano, aruhusiwe kufika mbele ya bodi ya parole. Ozell alikuwa amemaliza ishirini na mitano na miezi minne. Akina mama wa kanisani wakakodi basi, tukaenda makao makuu ya jimbo tukasikilizwe na kamati.

Wakili mmoja kijana aliwafundisha akina mama cha kusema. Semeni mmeteseka, semeni watoto wamebadilika, basi. Mama wa kwanza akasema hivyo, wa pili akasema hivyo, wabunge wanachezea simu zao. Akafika Verlean kwenye kipaza sauti. Mbunge mmoja mwenye tai ya manjano, mtu wa kutega mitego, akamuuliza: "Mama, wewe unaona mwanao hakustahili kufungwa?"

"Alistahili," Verlean akasema.

Wakili akajishika kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Alimtishia mtu kwa bastola," akaendelea. "Yule muuzaji alikuwa na mke mjamzito. Mimi mwenyewe niliwaambia polisi alipo. Alistahili kufungwa. Lakini hakustahili yote haya. Nyinyi mmesoma, mnajua kuhesabu. Niambieni, mwaka wa ngapi ndio uliomfundisha, na iliyobaki ilikuwa ya nini?"

Simu zikawekwa chini. Yule wa tai ya manjano akanywa maji. Sisemi sheria ilipita kwa sababu yake, lakini mwezi wa nne ilipita, gavana akatia sahihi, na siku ile ya kamati, kwenye basi la kurudi, wakili alikaa karibu na Verlean njia nzima akila pai yake ya viazi vitamu.

Bodi ikamsikiliza Ozell mwezi wa nane. Wakasema wako tayari kumwachia, ila kwanza nyumba atakayofikia ikaguliwe na ofisa wa parole. Barua ikaja na masharti: kitanda chake mwenyewe, umeme unaowaka, hakuna pombe, na hakuna silaha ya moto ndani ya nyumba wala kwenye uwanja wake.

Sasa hapo ndipo penye kasheshe. Juu ya mlango wa Verlean ilining'inia bunduki ya marehemu Hosea, ya mitutu miwili, ya kuwindia sungura. Lakini kusema ni ya Hosea ni maneno tu. Kwenye barabara yetu bunduki ile ilikuwa kama ngazi ya kupandia paa. Mwenye haja anaichukua, akimaliza anairudisha. Imeua nyoka wa nyumba zote saba. Mtoto wa hapa akisikia mtu anapiga kelele "nyoka!", hafikirii mara mbili, anaruka na bunduki iliyo nyuma ya mlango ulio karibu.

Verlean akaishusha, akaifuta vumbi kwa aproni, akavuka barabara akanipa.

"Ikae kwako, Cleotis. Isivuke tena barabara hii."

"Mimi mtoto?" nikamwambia. "Nimesikia."

Nikaiweka nyuma ya mlango wangu. Bunduki zangu mbili nilikuwa nimezifungia kabatini. Ile ya Hosea nikaiacha nyuma ya mlango, kwa sababu ndipo bunduki hukaa. Sikufikiria zaidi ya hapo, na Mungu anajua nimeshafikiria mara ngapi tangu siku ile.

Ofisa alisema atakuja Alhamisi, kati ya saa tatu na saa sita. Akina mama wa kanisa walikuwa wamesugua nyumba siku mbili nzima. Chumba cha Ozell kilipakwa rangi ya bluu, shuka mpya, na kwenye kimeza Verlean aliweka saa ya mezani, maana Ozell alikuwa amemwandikia kwamba gerezani hana saa yake mwenyewe. Asubuhi ile nilikuwa nakunywa kahawa nikamsikia.

"Cleotis! Nyoka! Njoo haraka, yuko kwenye ngazi!"

Nikatoka mbio. Sikujua nimeshika nini mpaka nilipokuwa katikati ya barabara, na hata hapo, haki ya Mungu, sikujua. Nyoka mweusi wa kinamasi, yule anayefunua kinywa cheupe pe, alikuwa amejikunja kwenye kidato cha pili cha ngazi. Verlean yuko mlangoni, mikono imejaa unga, hawezi kutoka. Nikalenga, nikafyatua. Nyoka akaisha, na ubao wa kidato nao ukaisha. Nikapanda kibarazani nimwone kama yu salama, tukawa tunacheka kama wehu.

"Umenivunjia ngazi!" anasema.

"Nimekuokoa, mwanamke! Sema asante!"

Tulikuwa bado tunacheka gari jeupe la serikali lilipokunja kona.

Alishuka binti wa Kizungu, hajafika hata miaka thelathini, buti miguuni, fomu zimebanwa kwenye kibao mkononi. Jina lake Renfroe. Akamtazama nyoka, akatazama ngazi, akanitazama mimi nimesimama kibarazani na bunduki ya Hosea.

"Habari za asubuhi," akasema. "Bunduki ya nani hiyo, mzee?"

"Yangu," nikasema.

Ilitoka yenyewe. Nilikuwa namwokoa Verlean. Ndivyo nilivyojiambia.

"Haijawahi kukaa kwenye nyumba hii?"

"Haijawahi kabisa."

Akaandika. Halafu akamgeukia Verlean. "Bibi Stubblefield, ndivyo?"

Nikamtazama Verlean. Nilimwomba kwa macho. Nilimwomba vile ambavyo sikuwahi kumwomba hata nilipomwomba tuoane. Neno moja tu, mama. Itikia kwa kichwa tu. Akafuta unga kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Sivyo, mwanangu," akasema. "Hiyo ni ya marehemu mume wangu. Imekaa juu ya mlango huu miaka arobaini. Barua ilipokuja niliitoa nikampa Cleotis akae nayo kwake. Leo ameivusha kwa sababu nilimwita, na nyoka mwenyewe ndiye huyo."

Yule binti akamtazama tena yule nyoka. Akaninyooshea kalamu.

"Mzee, ungeniambia hivyo hivyo, ningeandika hivyo hivyo. Silaha ilitolewa, ikaletwa kwa dharura, ikaondolewa. Kwetu kule nyoka pia wapo. Lakini sasa fomu hii ina mstari unaouliza kama kuna mtu amenipa taarifa ya uongo wakati wa ukaguzi."

"Uruke huo mstari, binti yangu," nikasema. "Nakuomba."

"Siwezi. Bosi wangu anaanza kusoma hapo."

Alikagua chumba cha bluu, akasema ni kizuri. Akawasha taa, akazima. Akaondoka.

Mimi nilipaswa kupiga magoti pale pale. Badala yake hasira ikanipanda, na mdomo wangu mimi ukishafunguka hauna breki.

"Neno moja, Verlean! Neno moja lingekupunguzia nini? Ulimpeleka mwanao jela kwa mdomo wako, na leo umemzuia kutoka kwa mdomo huo huo!"

Alishtuka kama nimempiga. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Shuka kwenye kibaraza changu."

Nikashuka, nikasahau kidato hakipo, nikaanguka chali kwenye majani karibu na yule nyoka. Hakucheka. Alifunga mlango.

Barua ya bodi ilikuja baada ya wiki tatu. Makazi hayakufaa: silaha, na taarifa za uongo. Wangemsikiliza tena baada ya mwaka mmoja. Mwaka mmoja, kwa mama ambaye daktari wake alikuwa ameacha kumwahidi miaka.

Tangu siku hiyo basi dogo la kanisa ndilo lililompeleka kusafishwa damu. Nilikuwa nasimama dirishani namwona anapanda, kila wiki anachukua muda mrefu zaidi kuinua mguu. Awali kila Jumapili alikuwa akiniletea sahani imefunikwa kwa karatasi ya aluminiamu, mboga za majani zilizochemshwa na nyama ya moshi, mkate wa mahindi pembeni. Sahani ikakoma. Laiti angenitukana! Ningepona. Nilijipikia mayai miezi sita, na nilijua kila siku ni kwa nini nakula mayai. Nilimnyang'anya mtoto wake. Sherifu alimnyang'anya kwanza, kwa uongo wake, na mimi, niliyejidai nampenda, nikawa wa pili, kwa uongo wangu.

Mwezi wa pili, Jumapili ya baridi kali, nilisikia mlango ukigongwa. Verlean, kavaa koti la kanisani, sahani mkononi, anahema. Kavuka barabara mwenyewe.

"Pokea, inaniunguza," akasema.

Nikapokea. Chini ya sahani kulikuwa na karatasi zimekunjwa. Fomu za makazi, zile zile za mwaka jana, jina la Ozell limejazwa kwa mwandiko wa Verlean. Pa anwani pako wazi.

"Andika yako," akasema.

"Yangu? Verlean, chumba cha bluu kipo..."

"Nyumba yangu ni ya kupanga. Mimi nikiondoka mwenye nyumba anaichukua, chumba cha bluu na kila kitu. Lazima awe na mahali."

"Usiseme hivyo."

"Daktari ndiye kasema. Unataka na yeye nimfundishe uongo?"

Nikamletea kiti. Akakaa.

"Bunduki zako zote ziondoke," akasema. "Na ya Hosea. Si kwa jirani, Cleotis. Mbali. Na akija yule binti, umwambie kila kitu anachouliza na asichouliza."

"Nisamehe yale maneno niliyosema."

Alifikiri kwanza, kama kawaida yake. "Nilikusamehe kabla hujainuka kwenye majani," akasema. "Lakini yaliniuma, na bado yananiuma. Kula, chakula kinapoa."

Bunduki zote tatu nilimpelekea binamu yangu anayekaa kaunti ya tatu kutoka hapa. Nikapaka chumba rangi ya bluu. Renfroe alikuja mwezi wa nane, na buti zake zile zile.

"Uhusiano wako na mfungwa?"

"Jirani."

"Silaha ndani ya nyumba au uwanjani?"

"Hakuna. Zilikuwepo tatu. Ziko kwa binamu yangu, nitakupa jina lake na simu yake. Na kuna jambo hujaniuliza. Mimi ndiye yule mzee aliyekudanganya mwaka jana."

"Nakukumbuka, Bwana Barfield."

"Basi andika."

"Nimeshaandika," akasema, lakini akaendelea kuandika, muda mrefu. Nilikuwa na hakika nimeharibu tena. Aliponyanyuka aliniuliza kama yule bibi wa ng'ambo bado anatengeneza pai ya viazi vitamu, maana alikuwa amesikia habari zake.

Bodi ilikubali Jumanne moja ya mwezi wa tisa. Nilivuka barabara mbio na barua, nikamsomea Verlean mara mbili. Alikuwa kitandani tayari. Alinishika mkono akaubana. Karatasi za kumtoa mtu huchukua siku thelathini. Kwa nini thelathini? Muulize aliyeitunga. Mtu amekaa ndani miaka ishirini na saba, imeamuliwa atoke, lakini mihuri lazima ipite meza hii na meza ile. Siku ya kumi na tisa Verlean akafariki. Tukaomba Ozell aruhusiwe kuja kuzika hata kwa pingu. Gereza likajibu kwamba kwa kuwa anakaribia kutoka, haifai kuhatarisha kuachiwa kwake.

Tulimzika mimi na wanakwaya. Mke wa mchungaji alivaa kofia ile, ya siku nyingi, na akalia sana.

Siku ya thelathini nilikuwa langoni tangu asubuhi. Akatoka mtu wa miaka arobaini na tisa, nywele za mvi, mfuko wa plastiki mkononi, mwendo wa mamake mtupu. Hakunikumbatia. Alisema, "Bwana Cleotis," nikasema, "Mwanangu," tukapanda gari. Redioni walikuwa wanasema wabunge wameanza kuitazama upya ile sheria, kwamba imewatoa watu wengi mno. Nikaizima.

Aliomba nimpeleke kaburini kwanza. Alisimama pale muda mrefu, mikono ameiweka nyuma kama watu wa kule walivyozoeshwa. Nikamwambia anaweza kuilegeza. Akajaribu, ikarudi nyuma yenyewe.

"Aliniandikia barua nilipopata parole," akasema. "Alimwambia mtu amwandikie, mkono ulikuwa hauwezi tena. Alisema ulimwomba muoane mara tatu."

"Ndiyo."

"Na kwamba alikuambia mpaka nirudi."

"Ndiyo."

Alilitazama kaburi, hakunitazama mimi. "Alifikiri atakuwepo. Alisema nikifika tu, kabla sijala, nikuulize kama bado unataka. Kaniagiza, kwa hiyo nakuuliza."

Sikuweza kuinua uso. Udongo ulikuwa bado mwekundu, haujashuka.

"Bado nataka," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyefikisha ujumbe. Tukakaa kidogo, sote wawili tukilia bila kuoneana aibu. Halafu nikamshika kiwiko nikamwambia twende, maana karatasi yake ya parole inasema saa kumi na mbili jioni lazima awe ndani ya nyumba.